Upenyo wa Seng'enge

Lori la matofali liliingia nyumbani kwa Segametsi Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla hajamaliza kuwawekea ndege maji.

Alisikia mlango wa lori ukibamizwa, akajua ni mwanawe. Tangu akiwa na miaka mitatu, Oarabile hakuwahi kufunga mlango kwa upole. Segametsi hakugeuka. Aligonga beseni la bati kwa kijiko, mara tatu, kama afanyavyo kila siku, na njiwa wakaanza kushuka mmoja mmoja kutoka kwenye nyaya za umeme. Alikuwa na miaka sitini na saba. Siku hizi hata kugeuka kulikuwa kazi, na kazi alizokwisha kuzifanya duniani zilimtosha.

"Mama, umeamkaje?"

"Nimeamka. Hilo peke yake nashukuru."

"Bado unawanywesha ndege? Mji mzima wa Mahalapye siku hizi unapata maji mara mbili kwa wiki, wewe unawaogesha njiwa!"

"Njiwa hawanifokei asubuhi." Ndipo alipogeuka. "Hayo ni nini?"

"Matofali."

"Naona ni matofali, sijapofuka. Ya nini?"

Oarabile alinyoosha kidole kuelekea seng'enge iliyotenganisha ua wa mama yake na ua wa mzee Gabaake. "Ya ukuta. Kuanzia pale mpaka kule."

Segametsi hakuhitaji kuonyeshwa. Pale palikuwa na upenyo wa kumtosha mtu mzima akiinama, na watu wote wa upande huu wa reli, hasa wale waendao kanisani, waliujua upenyo ule kuliko walivyozijua nyimbo zao.

Haukukatwa kwa mapenzi. Mwezi wa nane mguu ulimkataa Segametsi akiwa katikati ya nyanya, akaanguka chali, akabaki anaangalia mbingu kama mtu anayengoja kuitwa. Ng'ambo ya seng'enge, Gabaake hakusikia beseni likigongwa. Hilo tu. Alingoja, njiwa nao wakangoja, kisha akaja akachungulia, akaona kandambili moja iko peke yake juu ya udongo. Mzee wa miaka sabini na moja hana mbio za kuzunguka hadi barabarani. Alichukua koleo lake la enzi alipofanya kazi reli, akakata nyaya, akapita. Alimkalisha, akamfuta udongo usoni kwa kofia yake, kisha akasema, sauti ikimtetemeka, "Mma, usinifanyie hivi tena. Nitawaambia nini ndege?"

Tangu siku hiyo Segametsi alikuwa akilala na sauti ile sikioni.

Upande wa pili wa lori aliteremka Molefi, amevaa koti la marehemu baba yake, mabega yakiwa yamemzidi. Segametsi alipoliona koti, alielewa. Ukuta ungeweza kujengwa na fundi yeyote. Koti lilimaanisha kikao.

Molefi alikuwa na miaka thelathini na minne na kazi yake ilikuwa kutengeneza simu stendi. Segametsi alimbeba mgongoni, akamwogesha, akamfunza kupenga kamasi. Lakini baba yake, aliyekuwa kaka wa mama yake Segametsi, alipofariki, kiti cha ujomba kilimwangukia yeye. Tangu hapo hakuna posa wala ugomvi wa ukoo uliokwisha bila neno lake.

"Karibu, Mjomba," Segametsi alisema.

"Asante, Mma," Molefi alijibu akitazama viatu vyake. Hakuwahi kulizoea jina lile kutoka kinywani mwa mwanamke aliyemfunza kupenga kamasi.

Waliketi barazani. Segametsi akaleta chai na magwinya, maandazi aliyoyakaanga alfajiri, bado yana joto. Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua haijaja, na jua lilikuwa tayari limeshaanza kuuma. Kwenye mti mkavu mwishoni mwa ua walitua wale ndege wa kijivu wenye vishungi, wanaolia "kwee" kama bibi anayeinuka kitini. Mmoja akashuka moja kwa moja kwenye spinachi.

"Yule anakula mboga zako," Oarabile alisema.

"Yule ni Katibu Kata. Hula asubuhi tu, halafu harudi mpaka kesho."

"Nani kampa jina hilo?"

Segametsi alinywa chai. Wote watatu walijua nani kampa.

"Mama, tusizunguke. Nimemleta Mjomba ili neno hili lisemwe na mwenye haki ya kulisema. Huku unakaa peke yako. Unaanguka, unalala juani. Nimekutafutia chumba kwangu Gaborone. Nyumba hii tutaipangisha. Ukuta ni ili mpangaji awe na faragha yake, na… na watu wafunge midomo."

"Chumba chenyewe kiko wapi?"

"Ghorofa ya nne."

"Ndege gani anafika ghorofa ya nne?"

Oarabile alifikiri kwa dhati, maskini. "Kunguru wapo."

Molefi alikohoa ndani ya kikombe. Segametsi naye alitaka kucheka, lakini kicheko kilipanda mpaka kifuani kikachoka, kikakaa hapo. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa matroni wa bweni la wasichana. Alilala kwa kengele, akaamka kwa kengele, akawaamulia watoto mia mbili wavae nini na wale saa ngapi. Kisha akamwuguza mume miaka mitano. Alikuwa ameamua mambo mengi mno. Kulikuwa na utamu fulani wa hatari katika kuachia tu, kusema haya, nibebeni. Angekubali hata kunguru.

"Koko!"

Sauti ya kubisha hodi ilitoka kwenye lango la mbele, lile la barabarani. Wote waligeuka. Gabaake alikuwa amesimama pale, amevaa koti zito la sufu la reli, vifungo vyote vimefungwa mpaka kooni, kofia mkononi. Jasho lilimtiririka kutoka kwenye nywele zake nyeupe mpaka kwenye kola. Hakuwahi kuja kwa lango lile. Na hakuna mwanamume wa Mahalapye avaaye koti la sufu mwezi wa kumi kama hana neno kubwa.

*Rra, usifanye hivyo,* Segametsi aliomba kimoyomoyo. *Si leo. Si hivi.*

Gabaake alipanda ngazi mbili za baraza, akasimama. Hakuna aliyempa kiti. Alimtazama Segametsi mara moja tu, kwa macho yale yaliyomtazama katikati ya nyanya, kisha akamgeukia Molefi.

"Mjomba wa nyumba hii, nakusalimu. Nimekuja kuomba kibuyu cha maji."

Hapakuwa na mtu pale aliyedhani mzee ana kiu. Hayo ndiyo maneno ya kumwombea mke tangu enzi za mababu. Lakini huombwa alfajiri, na wajomba na shangazi waliotumwa. Hakuna mwanamume anayeyasema kwa kinywa chake, na Gabaake alilijua hilo vizuri kuliko wote waliokuwepo.

Oarabile aliweka kikombe chini. "Umetumwa na nani, mzee?"

"Nimejituma."

"Mtu hajitumi!"

"Najua, kijana wangu. Wajomba zangu wote wamelala makaburini Serowe. Kaka yangu mkubwa alikwenda migodini hakurudi, mdogo tulimzika mwaka juzi. Binti yangu yuko ng'ambo, ananipigia simu sikukuu kwa sikukuu. Leo nimeamka nikaona matofali. Nikajiuliza walio hai wa kuwatuma ni akina nani, nikaishia kwangu mwenyewe. Ningemtuma nani? Hondohondo?"

"Baba hajatimiza hata miaka mitano udongoni!"

"Baba yako nililibeba jeneza lake. Bega hili hapa."

"Na ulipolibeba," Oarabile alisema polepole, "macho yako yalikuwa yanatazama wapi?"

Gabaake alisimama na jasho lake. Alimtazama Segametsi, akangoja.

Ilikuwa zamu yake. Neno moja tu lingetosha, hata kiti kimoja kusogezwa. Segametsi aliyaona maneno yote yako mbele yake, yamepangwa kama ndoo za maji za kupeleka mbali, na kila moja lilikuwa zito. Alitazama mikono yake mapajani.

"Basi," Gabaake alisema. "Nimejibiwa."

Alivaa kofia, akashuka ngazi kwa kuanza na mguu mzima, akatoka langoni na kulifunga kwa upole, bila kishindo chochote.

Oarabile alishusha pumzi. "Nilitaka kuwa na adabu, Mama. Lakini yule mzee…"

"Umeuliza macho yake yalikuwa wapi."

"Yamekwisha hayo."

"Hayajaanza." Segametsi hakupandisha sauti; hakuwa na sauti ya kupandisha. "Mwaka niliovaa nguo nyeusi za baba yako, ulikuja mara ngapi?"

"Mama, kazi…"

"Sikuulizi kwa ubaya. Mara tatu. Unajua mjane mwenye nguo nyeusi hakanyagi bustani, mboga zitanyauka. Nikajisemea, basi, zife, vyote vinakufa. Hazikufa. Kila jioni mrija wa maji ulitokeza juu ya seng'enge, ukanyesha spinachi yangu na nyanya zangu, kisha ukarudi. Nilikuwa nimekaa dirishani namtazama. Yeye hakutazama dirishani hata siku moja. Mwaka mzima, Oarabile! Mwanamume alishika mrija umbali wa hatua kumi kutoka kwa mjane, akatazama mboga. Siku nilipovuliwa zile nguo nilikwenda kumshukuru. Akaniambia, 'Usinishukuru, Mma. Nawanywesha ndege wangu. Wanakula kwako, wanalala kwangu.' Hapo ndipo macho yake yalipokuwa."

Oarabile alikuwa amevunja gwinya vipande vipande bila kula hata kimoja. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya zamani, ya mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani.

"Ulipoanguka niliambiwa na mtu baki. Simu inalia, nasikia sauti ya mzee nisiyoizoea, ananiambia mama yako yuko salama, nimempa maji. Nikajiuliza mimi ni nani sasa. Nataka uwe karibu nami, basi. Ni kosa?"

"Si kosa, mwanangu."

"Ulinyamaza mwenyewe alipokutazama. Nilidhani umekataa."

"Nilinyamaza kwa sababu nimechoka. Kuchoka si kukataa. Nimechoka mpaka kwenye kucha, na ninyi mnakuja na lori." Akamgeukia kijana mwenye koti. "Mjomba, umekunywa chai yangu vikombe viwili. Huna neno?"

Molefi alifuta midomo. Alionekana kama mtu aliyeombwa kufungua simu ambayo hajawahi kuiona aina yake. Kisha akavuta mikono ya lile koti, akakaa wima.

"Mma, swali linaloulizwa huulizwa hivi. Yule aliyetoka hapa, unamjua?"

Ni swali la posa, na mwanamke hulijibu mbele ya wote. Segametsi aliwahi kulijibu akiwa na miaka ishirini na mbili, uso umeinama, kwa kunong'ona. Safari hii hakuinamisha uso.

"Namjua."

"Unamjuaje?"

"Najua daktari kamkataza sukari na anaficha asali kwenye kopo la misumari. Najua hawezi kukata mti wenye kiota, ndiyo maana ule mti mkavu bado umesimama. Najua hajawahi kuniuliza naamka saa ngapi, lakini nikichelewa anajua. Na najua…" Shavu likapata moto kama la msichana. "Najua akichelewa yeye, mimi siwezi kunywa chai."

Molefi aliitikia kwa kichwa, akatafakari sana.

"Basi nisikilizeni. Aliyejituma, mila haimwoni. Amekuja hapa, ameongea, lakini kikao hakijamsikia. Ni kweli?"

"Ni kweli kabisa," Oarabile alisema kwa haraka.

"Kwa hiyo hajakataliwa. Huwezi kumkataa mtu ambaye hajafika."

Oarabile akaanza kukusanya vipande vya gwinya kiganjani.

"Akituma watu nitawapokea," Molefi aliendelea, na sasa sauti ilianza kulijaza koti. "Watu wenye makoti, alfajiri, kama inavyotakiwa."

"Watu gani? Amekwambia hana ndugu!"

"Mila inasema atume. Haijasema wawe wamezaliwa tumbo moja naye. Mji huu umejaa wazee wastaafu wa reli, wanashinda chini ya kibanda cha stesheni wanabishana kuhusu treni ambazo hazipo. Makoti wanayo. Kazi hawana."

Safari hii kicheko cha Segametsi kilifika mdomoni. Alipoinuka, goti lilimlia, akashika meza.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Kwa jirani."

Mwanawe alitazama upenyo wa seng'enge bila kutaka. Segametsi akatikisa kichwa. Alifunga kitambaa chake vizuri, akajitanda shali juu ya mabega pamoja na joto lile, akatoka kwa lango la mbele. Mama Phenyo wa nyumba ya tatu alikuwa anafagia mchanga uliokwisha fagiwa. Ufagio ukasimama. Segametsi alimsalimu kwa jina, akauliza hali ya watoto, akangoja mpaka ajibiwe, kisha akaingia kwa Gabaake mchana kweupe.

Alimkuta barazani, amebaki na fulana, lile koti limetupwa juu ya kiti cha pili. Hakuinuka.

"Nimejiaibisha," alisema.

"Umejiaibisha, ndiyo. Ondoa koti nikae."

Aliliondoa. Segametsi alikaa, na wote wawili wakapumua kwanza, kama watu waliopanda mlima kutoka pande mbili tofauti.

"Sikulaumu, Mma. Nilipokuwa narudi nilipata hata ahueni. Nikasema, vizuri, nimeshindwa, sasa naweza kupumzika."

"Na umepumzika?"

"Hapana."

"Ulinitazama, nikanyamaza," Segametsi alisema. "Nataka ujue halikuwa jibu. Nilikuwa nalo jibu. Ni nguvu za kulinyanyua nilizokosa. Mjomba kaniuliza, nimelisema."

Gabaake aligeuka polepole. "Umesema nini?"

"Nimesema nakujua."

Alimtazama. Segametsi aliyaacha macho yake yakae pale yalipotua, hakuyakwepa kama alivyokuwa akiyakwepa kila asubuhi kwa kisingizio cha kumwonyesha ndege fulani. Mzee alitafuta mkono wake, akaushika. Mikono yote miwili ilikuwa mikavu, na udongo uleule mwekundu kwenye kucha.

"Utatuma watu," Segametsi alimwambia. "Watatu. Wenye makoti. Wale wenzako wa reli."

"Wale? Sechele hasikii, Mokgosi halali wala haamki bila kubishana. Makoti yapo, lakini watatu wenye magoti mazima nitawapata wapi?"

"Waje polepole. Alfajiri ni ndefu."

"Na mwanao?"

"Mwanangu ana uchungu. Sijui kama utamwisha. Sina nguvu za kukuahidi hilo."

"Mimi nina miaka michache, Segametsi, na mingi kati ya hiyo itakuwa ya kulalamika mgongo. Unachukua mzigo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Lilitoka bila kupambwa, kana kwamba lilikaa kinywani mwake miaka mingi likilainika.

"Mimi pia nimechoka, Gabaake. Nimechoka kuchoka peke yangu."

Gabaake alikaza mkono, basi.

Jua lilikuwa limepanda likaingia mpaka barazani, saa ile ambayo hata shomoro hujificha na bustani inabaki kimya. Segametsi aliegemeza kichwa kwenye ukuta ili apumzishe shingo kidogo tu. Alisikia kiti cha jirani kikisogezwa, mwanga mwekundu nyuma ya kope zake ukageuka kuwa kivuli, akaelewa kwamba mzee amesimama kumzibia jua. Alitaka kumwambia akae, atachoka. Usingizi ukamtangulia.

Hakujua ni muda gani ulipita. Kilichomrudisha ni hatua nzito za mtu mwenye haraka, zikija kutoka langoni.

"Mama yuko…"

"Shh. Amelala."

Segametsi hakufumbua macho. Kivuli kilikuwa bado juu ya uso wake. Alisikia pumzi ya mwanawe, karibu. Alijiandaa kwa sauti ya juu, kwa swali jingine kali. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wa Gabaake, na hakuutoa.

"Umesimama hapo tangu saa ngapi, Rra?" Oarabile aliuliza kwa kunong'ona. Hakuwahi kumwita kwa neno hilo la heshima.

"Si sana."

Kisha kiti kilisogezwa taratibu, kikawekwa chini bila mlio.

"Kaa wewe," mwanawe alisema. "Nitasimama mimi."

Kivuli kilitikisika, jua likampiga Segametsi usoni kwa nukta moja, kisha kivuli kingine kikaja, kirefu zaidi na kipana zaidi. Alijua akifumbua macho wataanza wote kuzungumza. Akayafumba vizuri zaidi, akalala.